Jina la Mkuu wa Kaya

Nimeishi kaya moja na mtu huyu miaka kumi na tisa. Nimekula ndizi za shamba lake, nimemzalia wajukuu watatu, nimemfulia mashuka alipougua nimonia, na sijawahi hata mara moja kulitamka jina lake. Nalijua, na naweza kuliandika nikiwa nimefumba macho. Kulitamka ndiko sijawahi.

Ni baba mkwe wangu. Kwetu Rungwe mke wa mwana, kamwana, hamtaji baba mkwe, hakutani naye uso kwa uso njiani, wala hakai naye chumba kimoja. Zamani alipaswa kukwepa hata maneno yanayofanana na jina lake na kutafuta mengine, mpaka wanawake wakawa na msamiati wao, unaitwa ingamwana. Jina la mkwe wangu limekaribiana na kitu kimoja cha shambani ambacho mwaka wangu wa kwanza nilikiita "kile kirefu". Nikikutajia kitu chenyewe utalibuni jina, kwa hiyo niache. Nitamwita Tabibu, kama wanavyomwita watu kuanzia Lufingo hadi Mpuguso, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Naandika habari zake kwa aibu. Tabibu aliamini kwamba alimuua kamwana wake mdogo, mke wa shemeji yangu. Hakumuua. Mtu pekee aliyejua hivyo ni mimi, na nilikaa kimya miaka miwili nikimtazama mzee wa watu akikonda kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Nianze na kengele. Mtu mwingine angeanza na mahali alipozaliwa na ukoo wake, lakini kamwana hahesabu ukoo wa mkwe, na kwa hilo nashukuru. Tabibu alikuwa na baiskeli nyeusi ya kwendea kazini, na kila penye kona alipiga kengele, hata kama hapakuwa na mtu. Ilikuwa ni kutupa nafasi sisi wake wa wanawe. Ukiisikia unaacha njia, unaingia migombani, unageuza mgongo mpaka apite. Baiskeli ilipokufa hakununua nyingine, kwa sababu milima yetu haina huruma na magoti ya mzee, lakini kengele aliifungua akawa anaibeba mkononi. Mtu mzima anatembea kwa miguu, suti ya kaki, mwavuli kwapani, anapiga kengele ya baiskeli. Wageni walidhani amerukwa na akili. Vijana wa bodaboda walimpisha kwa mzaha, wanamwambia, "Pita, mzee, usije ukatugonga." Naye aliwajibu kwa upole kwamba breki zake ni nzima.

Mimi nililelewa Mbeya mjini. Baba na mama ni Wanyakyusa, lakini nyumbani tulizungumza Kiswahili, na mambo ya kujificha migombani niliyasikia kama hadithi za bibi. Niliolewa nikiwa tayari mwalimu wa shule ya msingi. Wiki ya kwanza nilimwambia mume wangu, "Baba yako ananiswaga kama kuku." Akacheka, kisha akasema, "We jifiche tu." Nikajificha. Baada ya muda nikawa najificha vizuri kuliko waliozaliwa humu. Mtu asiyeamini jambo akilifanya kwa ustadi namna ile, ujue ana sababu yake.

Simu zilipoenea, Tabibu aligundua njia. Kusema nami ana kwa ana hakuweza, ila alilifikiria jambo hilo kwa makini akatoa hukumu kwamba kuandika si kutamka. Akaanza kunitumia meseji. Aliandika kama anayeandika cheti cha dawa, nukta zote mahali pake: "Mwalimu. Mtoto anakohoa tangu jana. Nimesikia kupitia ukuta. Apewe maji ya uvuguvugu. Asinywe soda. Akipumua kwa kasi, aletwe zahanati. Ndaga." Ndaga ni asante ya Kinyakyusa. Nami nilijibu, "Asante, tata," yaani baba. Siku moja nilimuuliza kama naruhusiwa kuliandika jina lake kwenye fomu za shule za wanangu. Alijibu, "Andika. Kalamu haina mdomo." Nililiandika, na si mara moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Kazini, wanasema, alikuwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mpole hadi unamsahau, lakini zahanati alikuwa na sauti. Alisomea kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, na kwa miaka mingi huku kwetu alikuwa peke yake mwenye ujuzi huo. Kipimo chenyewe ni rahisi mpaka mtu anakidharau. Mwanamke analala kitandani, mpimaji anapaka siki, wanasubiri kama dakika moja, na palipo na tatizo panageuka peupe. Siki ni kama hii tunayotia kwenye kachumbari. Watoto wakampa jina la Babu Siki, naye hakukasirika. Alisema kuna watu wameitwa majina mabaya zaidi kwa faida ndogo zaidi.

Wanawake walitoka Ikuti, walitoka Mpuguso, wengine kwa miguu, mtoto mgongoni. Aliwauliza swali lile lile, nalijua kwa sababu kina mama waliliigiza sokoni. "Mama, bati lako unalipanda lini kuziba matundu ya misumari?" Mama anajibu, "Kiangazi." "Linakuwa linavuja?" "Hapana, mvua bado." "Sasa unapanda kufanya nini?" Mama anacheka, na Tabibu anamwambia apande kitandani. Alikuwa pia na msemo wake: "Ugonjwa huu haupigi hodi. Ukisikia hodi, ujue umeshakaa sebuleni unakunywa chai." Na mara moja mwenyekiti wa kijiji aliposimama mkutanoni kuwahubiria wanawake kwamba mficha uchi hazai, Tabibu alinyoosha mkono akasema, "Mwenyekiti, hawa wamezaa saba saba na bado wanaficha. Tutafute methali nyingine." Mkutano ukaharibika kwa vicheko. Wiki ile foleni ilifika nje ya uzio.

Usidhani alikuwa malaika. Aliwakataza watu sukari na yeye akatia vijiko vinne kwenye kikombe, na ukimtazama anavitia taratibu kama vile taratibu ni dawa. Aliyekuwa akichoma sindano watu miaka thelathini alifumba macho akichomwa yeye. Mama mkwe, kabla hajatutoka, alitusimulia kwamba siku ya chanjo ya homa ya manjano alimshika mkono mumewe kama mtoto. Kanisani aliimba besi na alipenda iwe ya mwisho kunyamaza. Tena alikuwa mbishi. Kijana mmoja daktari aliyetumwa kutoka wilayani alimuuliza, kwa heshima zote, inakuwaje msomi kama yeye anashikilia mambo ya kukimbiana na wakamwana. Tabibu akamjibu, "Heshima si ugonjwa, kijana. Siwezi kuitibu." Jibu hilo lilizunguka kata nzima. Na mimi nililirudia, nikacheka, nikaona nina mkwe mwenye akili.

Lakini hapo ndipo kazi yake ilipokwama. Angewezaje kumpima kamwana? Na si sisi wawili tu wa kwake. Wake wa watoto wa rika lake wote walimhesabu kama mkwe. Alikuwa mkwe wa nusu ya kijiji. Wanawake wa mbali walipona mikononi mwake, na wale waliosikia kengele yake kila asubuhi hawakukanyaga chumba kile.

Alichofanya sijaona mtu mwingine akikifanya. Aliomba kwa wakubwa wake, akapewa nesi wa kuja kutoka Tukuyu siku moja kila mwezi. Jina lake Mwanaidi, binti wa Kiislamu, babu yake alikuja kutoka Kilwa na cherehani akaanzisha duka la vitambaa pale mjini. Na siku ya Mwanaidi, Tabibu aliondoka alfajiri. Alichukua mwavuli na chupa ya chai akaenda kwenye kishamba chake cha majani ya chai, upande wa pili wa bonde, akashinda huko mpaka saa kumi jioni, ili asije akakutana na kamwana hata mmoja kwenye njia ya zahanati. Mara nyingi mvua ilimnyeshea. Alirudi amelowa, akatuma meseji kwa Mwanaidi kuuliza swali moja, "Wamefika wangapi?"

Mwezi wa kwanza walifika wengi na nusu wakarudi. Sababu yake ndiyo kiini cha habari hii. Mwanaidi alikuwa na daftari, na daftari lilitaka jina la mkuu wa kaya. Sasa mwanamke anayeishi kwa baba mkwe, mkuu wa kaya yake ni nani? Mmoja alinisimulia akijishika mbavu.

"Mama, jina la mkuu wa kaya?"

Mama anafunga khanga upya.

"Mkuu wa kaya ni nani, mama?"

"Yupo."

"Najua yupo. Anaitwaje?"

"Ameenda kwenye chai."

Mwanaidi, mtoto wa mjini, alidhani wanamficha mhalifu. Tabibu alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akakaa usiku na daftari la balozi akaandika orodha ya wakamwana wote wa kijiji, na mbele ya kila mmoja jina la mkwe wake. Tangu hapo mwanamke alitaja jina lake tu, Mwanaidi akatafuta kwenye orodha. Tatizo likaisha, au tulidhani limeisha.

Na mimi? Mimi nilikuwa mpiga debe. Nilitangaza siku ya Mwanaidi kanisani na kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Wasichana wa shuleni walipoletewa chanjo ya kuzuia saratani hiyo hiyo, mimi ndiye niliyewapanga mstari, nikawahutubia kuhusu kujikinga mapema, nikawashika mabega waliolia. Mama zao walinishukuru. Mimi mwenyewe sikuwa nimepimwa hata mara moja. Kijijini nilisema nitapimia mjini. Mjini, walimu wenzangu waliponiuliza, nilisema, "Jamani, kule kwetu mpimaji ni baba mkwe wangu, mila, nifanyeje?" Wakanionea huruma. Mila niliyoicheka nikiwa bibi harusi niliivaa kama koti la mvua.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona aibu kukaa kwenye benchi lile na mama wa wanafunzi wangu, kisha nilale miguu kando, halafu Jumatatu niwafundishe watoto wao kujumlisha. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na woga wenyewe, woga wa kuambiwa kitu. Nilijiona mzima. Sikutaka mtu anitafutie ugonjwa.

Tusekile alikuja kwenye kaya yetu kwa kuchelewa. Aliishi Chunya na shemeji yangu alikokuwa akihangaika na dhahabu, na dhahabu ilipowakataa wakarudi nyumbani na watoto wawili. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kukamua ng'ombe, na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniita Dada Mwalimu. Kila nililosema alilichukua kama limeandikwa. Nilimhubiria habari za kipimo mpaka akachoka kukataa, na asubuhi moja ya siku ya Mwanaidi akaniambia, "Haya, nitaenda, Dada Mwalimu, ila twende wote."

Sikuwa na pa kukimbilia. Tukaenda.

Mwanaidi alinifurahia. "Mwalimu, leo na wewe? Alhamdulillahi. Nikimaliza huyu, unafuata." Akamtafuta Tusekile kwenye orodha ya Tabibu, hakumwona, maana orodha iliandikwa kabla hawajarudi kutoka Chunya. Akafungua ukurasa mpya, bila kujua kwamba ni wa kaya moja nami. Jina, umri, watoto. Kisha akauliza jina la mkuu wa kaya.

Tusekile akainama. Mwanaidi akarudia. Tusekile akanigeukia, akaninong'oneza, "Dada, niandikie."

Kalamu ilikuwa mezani. Ilikuwa ya bluu, imefungwa uzi kwenye mguu wa meza ili isipotee. Ruhusa nilikuwa nayo, kwa maandishi ya mwenye jina. Ilikuwa ni kuandika maneno mawili. Lakini nilijua kwamba nikiyaandika, Tusekile ataingia, atatoka, na mimi nitaingia.

Nikamwambia Tusekile, "Twende, mdogo wangu. Leo haijakaa vizuri. Tutarudi mwezi ujao." Na kwa Mwanaidi nikasema, "Ni mila tu, unajua." Mwanaidi ni mgeni wa watu na mtu wa adabu. Aliposikia mila alifunga daftari, hakubisha.

Njiani Tusekile alinishukuru. Alisema nimemwondolea aibu. Nilimjibu kwamba si kitu.

Mwezi uliofuata tulikuwa na mavuno ya chai, uliofuata mtoto wake aliumwa, na baada ya hapo sikumkumbusha tena, kwa sababu kumkumbusha yeye kulikuwa kujikumbusha mimi. Mwaka wa tatu tangu siku ile akaanza kutokwa damu isiyo ya siku zake. Alizificha nguo, akazifua peke yake mtoni. Aliponiambia ilikuwa ni miezi mingi imepita. Nilimpeleka Mbeya mwenyewe. Kutoka Mbeya alipelekwa Dar es Salaam kwenye mionzi, akarudi amekuwa mwepesi kama mtoto, akalala chumba cha nyuma, na tukamzika msimu wa kupalilia viazi.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Tusekile hakuficha. Alifika mpaka mezani. Aliyeficha ni mimi.

Msibani Tabibu alisimama. Kwa kawaida mkwe hasemi juu ya kamwana, anakaa na wanaume wenzake na watu wanajua ana huzuni. Lakini alikuwa amemuuliza Mwanaidi, na Mwanaidi alisema alichokiona, kwamba binti alikuja, hakuweza kutaja jina, akaondoka. Tabibu akatuambia, kwa sauti yake ya zahanati:

"Mtoto huyu alifika mpaka kwenye meza yangu. Alirudi kwa sababu alishindwa kulitaja jina langu. Nilisema heshima si ugonjwa. Nilikosea. Mimi ndiye niliyemuua."

Wanaume wakamvuta chini, wakamwambia, "Hapana, mzee, ni kazi ya Mungu." Mimi nilikuwa na wanawake tunamenya ndizi. Mwanaidi alikuwa upande wa pili wa uwanja, amejifunika mtandio, akanitazama. Sijui alijua kiasi gani. Niliinamisha macho, na wanawake walionizunguka wakadhani namheshimu mkwe.

Baada ya arobaini alituita wakamwana wote, wa kwake na wa wenzake, akasimama uwanjani mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatuomba tulitamke jina lake. "Semeni tu. Mmoja tu aseme. Halina sumu." Tulisimama na khanga zetu kichwani tunatazama nyasi. Bibi mmoja mzee, naye kamwana wa enzi zake, akasema, "Tata, haliwezekani. Mdomo unakataa." Tabibu akakaa chini pale pale kwenye nyasi zenye umande. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Neno moja langu lingemwinua, si hata jina lake, neno lolote la kweli, na sikulisema.

Akaacha kuimba. Akaacha sukari, si kwa afya. Meseji zikakatika, na siku za Mwanaidi akawa anashinda nyuma ya nyumba badala ya kwenda kwenye chai. Wanangu wakiugua nilisikia akitembea nje ya ukuta huku na huku, lakini simu yangu haikulia. Miaka miwili.

Mwezi wa sita mwaka huu, baridi imetufunga na ukungu umekaa mpaka saa nne, simu ikalia. "Mwalimu. Nimeandika barua kwa wazee wa kanisa. Naomba nitengwe Meza ya Bwana. Pia naomba nisizikwe karibu na Tusekile. Sistahili. Barua nimeisukuma chini ya mlango wako. Sahihisha Kiswahili. Ndaga."

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Niliisoma nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, mazoea ni mabaya. Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa moja tu, mahali alipoandika "mimi".

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, anachambua maparachichi ya kuuza, makubwa kwenye kreti, madogo kwenye ndoo. Alipoona kivuli changu akageuka kutazama ukuta, kwa heshima. Nami nikasimama kwenye kona, nikatazama ndoo.

"Tata," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kumfikia bila mtu katikati. "Barua hii haina haja ya kwenda. Tusekile hakukwamishwa na jina lako. Aliniomba nimwandikie. Kalamu ilikuwa mezani, na wewe ulishaniruhusu. Nikakataa."

Mikono yake ilisimama.

"Kwa nini?"

"Angeingia yeye, ningefuata mimi."

"Ungefuata wapi?"

"Kupimwa. Niliogopa."

Aliposema tena sikuitambua sauti, ilikuwa ndogo sana. "Miaka miwili, Mwalimu. Ulikuwa ukinisikia nikitembea huku nje?"

"Nilikuwa nakusikia, tata."

Hakunisamehe. Nataka niliandike hilo wazi, maana watu hupenda hadithi za wazee wanaosamehe haraka. Aliokota parachichi, akaliweka kwenye kreti, akaliokota tena. Kisha, labda kwa sababu yeye ni tabibu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, akauliza, "Na baada ya hapo ulipimwa?"

"Bado."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na nne."

Akainuka kwa kushika ukuta. "Leo Mwanaidi yupo," akasema, akatangulia njiani. Nikamfuata nyuma kama mwanafunzi aliyepatikana na kosa. Watu walituona, mkwe na kamwana kwenye njia moja, wakaweka majembe chini kutushangaa. Alikaa kwenye benchi mbele ya mlango, katikati ya wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Mwanaidi hakuniuliza mkuu wa kaya. Alimsikia akikohoa nje, akaandika mwenyewe. Nikalala. Akapaka siki, ya baridi tu, akasubiri, akatazama kwa taa, akarudia kutazama.

"Mwalimu, kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ndogo. Si saratani, ni mabadiliko, yakiachwa miaka ndiyo yanakuwa saratani. Nina mashine hapa, tunachoma leo leo, unaenda nyumbani kwa miguu yako. Wasemaje?"

Nikamwambia achome. Lilikuwa joto tu, na tumbo likasokota kama siku ya kwanza ya hedhi. Nililia mpaka kitanda kikatikisika. Mwanaidi akasimama, akaniuliza kama inauma sana. Nikamwambia haiumi.

Nilipotoka, Tabibu hakugeukia ukuta. Alinitazama usoni, na mimi nikamtazama, macho yake ni mekundu na ni ya kahawia kama ya mume wangu.

"Wamekuta?"

"Wamekuta kidogo. Ameshachoma."

"Dakika ngapi?" Alijua jibu kuliko mimi.

"Hata kumi hazikufika, tata."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatoa mkono, nikampa barua, akaikunja akaitia mfukoni.

"Hii nitaichana," akasema. "Lakini mimi siye niliyefiwa na mke. Nenda kamwambie mumewe. Leo, kabla hakujaingia giza."

Nikafunga khanga vizuri, nikapanda kilima. Nilimkuta shemeji anakamua ng'ombe, watoto wake wawili wamemshikia ndama. Nikawaambia watoto waingie ndani.